Hema Kwanza, Mvinyo Baadaye: Mwongozo wa Siku Moja Kando ya Ghuba ya Walker

Kipande cha pwani ya Afrika Kusini kinachoanzia Gordon's Bay, mashariki ya jiji la Cape Town, na kuishia Hermanus kwenye Ghuba ya Walker, kina mambo matatu ambayo kwa kawaida mtalii huyafuata katika safari tofauti: barabara inayokwenda sambamba na bahari, bonde la mizabibu lililo karibu na maji kiasi cha kupigwa na upepo wake, na viwanja vya kupiga kambi vilivyo hatua chache kutoka ufukoni. Kwa kuwa yote hayo hufikika kwa gari ndani ya siku moja, wageni wengi huyapanga kwa kufuata ramani peke yake, wakaonja mvinyo kila wanapouona, wakafika kambini giza limekwisha kuingia, kisha wakahangaika kusimamisha hema kwa mwanga wa simu huku upepo ukilipeperusha. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio mwingine, ambao ni bahari asubuhi, hema adhuhuri, mvinyo alasiri na nyangumi jioni, na sababu zake ni upepo, sheria ya barabarani na saa za kufunga mashamba.

Jambo la kwanza kuamuliwa ni majira. Msomaji aliyezoea mwaka unaogawanywa na masika na vuli atalazimika kugeuza hesabu zake, kwa sababu jimbo la Western Cape hupata mvua wakati wa baridi, yaani kati ya Mei na Agosti, na huwa kavu na lenye joto kuanzia Desemba hadi Februari. Kiangazi hicho ndicho kinachopendwa na wenyeji, lakini ndicho pia chenye upepo mkali wa kusini-mashariki, ambao watu wa Cape Town wameuita daktari kwa kuwa hupeperusha moshi na uchafu uliotanda juu ya jiji. Kwa mtu mwenye hema, daktari huyo ni adui. Desemba ina tatizo lake jingine, nalo ni likizo za shule, ambapo nafasi za kambi za pwani huwa zimekwisha kuchukuliwa miezi mingi kabla. Nyangumi, kwa upande wao, huwapo kuanzia Juni hadi Novemba, na wingi wao huonekana zaidi Septemba na Oktoba, ilhali mavuno ya zabibu huangukia kati ya mwisho wa Januari na Machi. Kipindi kinachofaa kuliko vyote kwa safari ya aina hii, basi, ni kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na mwisho wa Oktoba, wakati mvua zimepungua, nyangumi bado wapo na kambi zina nafasi.

Urefu wa mchana nao uzingatiwe, kwa sababu mtu aliyekulia karibu na ikweta hudhani kwamba jua huzama saa zilezile mwaka mzima. Katikati ya Oktoba jua la Hermanus huzama karibu na saa moja jioni. Mwishoni mwa Desemba huzama karibu na saa mbili usiku, na mwezi Juni huzama kabla ya saa kumi na mbili. Saa za Afrika Kusini ziko nyuma ya saa za Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja.

Maandalizi ya nyaraka hayahitaji maelezo marefu. Watanzania huingia nchini humo bila viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90 kwa mwaka, na Wakenya wamepata nafuu hiyohiyo tangu Januari 2023, ingawa ni busara kuthibitisha masharti kwenye ubalozi kabla ya kukata tiketi. Leseni ya udereva iliyoandikwa kwa Kiingereza na yenye picha hukubaliwa. Magari hupita kushoto, kama ilivyo Kenya, Tanzania na Uganda, hivyo anayetoka Bujumbura, Kigali au Bukavu ndiye atakayehitaji muda wa kuzoea, na asiuchukue muda huo kwenye barabara inayoelezwa hapa chini, ambayo ina kona nyingi na upande wake mmoja ni bahari.

Barabara hiyo ni R44, na kipande chake cha kati ya Gordon's Bay na Rooi-Els hujulikana kwa jina la Clarence Drive. Ilichongwa ubavuni mwa milima ya Hottentots Holland, na wafungwa wa kivita wa Kiitalia walitumika katika ujenzi wake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Msafiri aondoke Cape Town saa moja asubuhi au mapema zaidi, kwa kuwa upepo huwa bado umelala na mwanga wa asubuhi hufanya Ghuba ya False ionekane hadi upande wa pili, kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Vituo vya kuegesha gari viko vingi kandokando ya njia, na dereva asisimame mahali pengine popote hata kama amemwona nyangumi, kwani magari yanayokuja nyuma yake kwenye kona hayana habari naye. Watu washuke, waangalie, lakini wasishuke hadi kwenye miamba yenye unyevu: mawimbi ya pwani hii hayaji kwa kipimo kimoja, na wimbi moja kubwa linaweza kufika mahali palipokuwa pakavu kwa nusu saa nzima.

Kuanzia Rooi-Els hadi Betty's Bay msafiri yumo katika eneo la nyani, ambao wamejifunza kufungua milango ya magari na kutambua mifuko ya chakula. Vioo vifungwe, milango itiwe kufuli hata kwa dakika moja ya kupiga picha, na chakula kisitolewe kwa mnyama yeyote, kwa sababu nyani aliyezoea kulishwa na watu huishia kuuawa kama mharibifu.

Kituo kikuu cha asubuhi ni Stony Point, katika kijiji cha Betty's Bay, palipo na kundi la pengwini wa Afrika, yaani ndege wa baharini asiyeruka, mwenye mgongo mweusi na kifua cheupe, anayeogelea kwa mabawa yaliyogeuka kuwa mithili ya makasia. Mahali hapo palikuwa na kiwanda cha kuchakata nyangumi mwanzoni mwa karne ya 20, na mabaki yake bado yanaonekana. Pengwini walianza kukaa hapo wenyewe katika miaka ya 1980. Wengi wa watalii huwaona ndege hawa Boulders, karibu na Simon's Town, ambako foleni ni ndefu, lakini Stony Point ina utulivu zaidi, na njia yake ya mbao hupita katikati ya viota kiasi kwamba ndege huonekana akilalia mayai karibu kabisa na mtazamaji. Mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliingizwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na sababu kubwa ni uhaba wa samaki wadogo wa jamii ya sardini na dagaa mchele, ambao ndio chakula chake na ndio pia wanaotafutwa na meli za uvuvi. Mgeni asitoke nje ya njia ya mbao, asimguse ndege wala kumkaribia ili apate picha, na akumbuke kwamba mdomo wa pengwini hukata. Saa moja hapo inatosha.

Kilomita chache mbele ipo Harold Porter, bustani ya taifa ya mimea, ambayo ni mahali pazuri pa kunywa chai na kuona fynbos. Neno hilo la Kiafrikana hutumika kwa uoto wa vichaka vifupi vyenye majani membamba na magumu, ukiwamo ule wa maua makubwa ya protea, uoto ambao hustawi katika udongo maskini na huhitaji moto wa mara kwa mara ili mbegu zake ziote. Milima inayozunguka bustani hiyo ni sehemu ya Kogelberg, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1998 kuwa hifadhi ya kwanza ya bayosfia nchini Afrika Kusini. Mwenye haraka apite tu. Mwenye kupenda mimea atapoteza hapa siku yake yote, na mwongozo huu hautamlaumu.

Baada ya mji mdogo wa Kleinmond njia huungana na R43 na kuelekea Hermanus, na kabla ya kuingia mjini msafiri hukuta Onrus, kitongoji chenye ufuo, rasi ndogo na uwanja wa kambi unaosikia mawimbi. Uwanja huu unapendekezwa kwa sababu moja kubwa, kwamba uko dakika chache tu kutoka njia panda ya R320 inayoingia bonde la mizabibu, na dakika chache vilevile kutoka bandari ya zamani ya Hermanus. Msafiri ajitahidi kufika saa sita mchana, aandikishwe, na asimamishe hema lake papo hapo, hata kama njaa imemkamata.

Kusimamisha hema pwani si sawa na kulisimamisha bara. Kwanza iangaliwe miti na nyasi ili kujua upepo unatoka wapi kwa kawaida. Mti ulioinamia upande mmoja ni shahidi asiyesema uongo. Upande mfupi na wa chini wa hema uelekezwe kwenye upepo, na mlango uwekwe upande ulio kinyume. Vigingi, yaani vijiti vya chuma vinavyoshikilia kamba, vipigwe vikiwa vimelala kidogo, kichwa kikielekea mbali na hema, na mahali penye mchanga mtupu vitumike vigingi virefu, au mfuko uliojazwa mchanga ufungwe kwenye kamba na kufukiwa. Kamba zote za nje zifungwe hata kama hewa imetulia, kwa sababu upepo wa alasiri hauombi ruhusa. Ndani ya hema viwekwe vitu vizito kwenye pembe, na matandiko yatandikwe kabisa, ili mtu arudipo usiku asiwe na kazi nyingine ila kulala. Godoro jembamba la kukinga baridi ya ardhini lina umuhimu kuliko blanketi la pili, kwani usiku wa pwani hii huwa baridi hata katika miezi ambayo mchana wake una jua kali.

Kuanzia saa nane mchana, baada ya chakula kizito kiasi, ndipo bonde la Hemel-en-Aarde lifikiwe. Jina hilo lina maana ya mbingu na dunia, na kabla ya mizabibu bonde lilijulikana kwa jambo la huzuni: mwaka 1817 ilianzishwa humo kambi ya wagonjwa wa ukoma, iliyohudumiwa baadaye na wamisionari wa Kimoravian kabla ya wagonjwa kuhamishiwa Kisiwa cha Robben katika miaka ya 1840. Kilimo cha zabibu za mvinyo katika Cape kwa jumla ni cha zamani, kwa kuwa Jan van Riebeeck, mwanzilishi wa makazi ya Waholanzi huko, aliandika kwamba mvinyo wa kwanza ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, lakini bonde hili ni jipya. Mwaka 1975 Tim Hamilton Russell, mtu wa biashara ya matangazo, alinunua ardhi hapa akitafuta mahali pa baridi zaidi ya miji ya mizabibu ya Stellenbosch na Paarl, wakati ambapo mfumo wa migao ya kilimo uliosimamiwa na chama kikuu cha wakulima, KWV, uliamua nani apande mizabibu na wapi. Mtengenezaji wake wa kwanza wa mvinyo, Peter Finlayson, alianzisha shamba la jirani la Bouchard Finlayson mwaka 1989, na leo bonde limegawanywa katika maeneo matatu rasmi ya asili ya mvinyo, ambayo yanaweza kufananishwa na kata katika utawala wa Tanzania.

Kinachotofautisha bonde hili ni bahari. Hewa ya baridi kutoka Ghuba ya Walker hupanda bondeni alasiri, zabibu zikaiva polepole na kuhifadhi uchachu wake, ilhali udongo wa mfinyanzi wa sehemu nyingi za bonde huufaa mzabibu wa Pinot Noir, ambao hutoa mvinyo mwekundu wa rangi nyepesi, na Chardonnay, ambao hutoa mvinyo mweupe. Msomaji anayeujua mvinyo wa Dodoma ataona tofauti mara moja: Dodoma ni bara, ni nusu jangwa, na mizabibu yake huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa kuwa haina baridi ya kuilaza, ilhali mizabibu ya Cape hupukutisha majani, hulala miezi ya baridi na kuzaa mara moja tu. Asitafute hapa utamu wa sukari. Mvinyo wa bonde hili kwa kawaida ni mkavu, yaani sukari yake karibu yote imegeuka kilevi wakati wa kuchachuka.

Kuonja si kunywa, na adabu yake ina mpangilio. Mvinyo mweupe hutangulia mwekundu, mwepesi hutangulia mzito, na mtamu, ukiwapo, huja mwisho. Glasi hushikwa kwenye mguu wake ili joto la kiganja lisiubadili mvinyo. Huinamishwa juu ya kitu cheupe ili rangi ionekane. Huzungushwa kidogo ili harufu ifumuke, kisha hunuswa kabla ya kuonjwa. Mvinyo ukiwa mdomoni husambazwa hadi pande zote za ulimi, na mwonjaji hujiuliza maswali machache: je, uchachu unaleta mate, je, kuna ukakasi kwenye ufizi kama ule wa ndizi mbichi, je, ladha inabaki baada ya kumeza au inapotea? Ukakasi huo hutokana na tanini, kemikali iliyomo kwenye maganda na mbegu za zabibu, na Pinot Noir huwa nao kidogo kwa kuwa ganda lake ni jembamba. Harufu ya vanila au ya mkate uliobanikwa katika Chardonnay kwa kawaida hutoka kwenye mapipa ya mti wa mwaloni. Baada ya hapo mvinyo hutemwa kwenye chombo kilichowekwa mezani kwa kazi hiyo, na hakuna mwenyeji atakayeona kuwa ni utovu wa adabu. Wataalamu wenyewe hutema.

Hesabu ya kilevi ndiyo inayowaponza wengi. Mivinyo mitano au sita ya kuonjwa, kila mmoja ukiwa ni funda mbili tatu, hukaribia glasi kamili, na mashamba mawili ni glasi mbili, ilhali sheria ya Afrika Kusini haimruhusu dereva wa kawaida kufikia gramu 0.05 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Jibu la busara ni kwamba anayeonja asiendeshe kabisa, na kwa kuwa kambi iko karibu, gari la kukodi lenye dereva halitagharimu sana. Mashamba mawili yanatosha kwa alasiri moja. Nafasi iombwe mapema, na ikumbukwe kwamba vyumba vingi vya kuonjea hufungwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na baadhi havifunguliwi Jumapili. Msafiri asiyekunywa, iwe kwa dini, kwa afya au kwa hiari yake, hana sababu ya kubaki kambini, kwani mandhari, migahawa na juisi ya zabibu vipo. Lakini asigeuzwe dereva wa kundi bila kuulizwa.

Ni haki pia mgeni ajue kwamba uzuri wa mashamba ya Cape umejengwa kwa kazi ya watumwa, wakiwamo waliotolewa Msumbiji na Madagaska, na kwamba hata baada ya utumwa kukomeshwa wafanyakazi wengi waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo katika utaratibu ulioitwa dop. Utaratibu huo ulipigwa marufuku, lakini madhara yake hayajaisha, na jimbo hili bado lina idadi kubwa mno ya watoto waliodhurika na pombe wakiwa tumboni. Kumuuliza mwenye shamba namna wafanyakazi wake wanavyoishi ni swali halali kama lile la mapipa.

Saa kumi na moja jioni kundi lirudi mjini Hermanus, kwenye njia ya miguu inayofuata majabali kwa takriban kilomita 12, ambayo haihitaji kutembewa yote. Sehemu iliyo karibu na bandari ya zamani na Gearing's Point yatosha. Nyangumi waonekanao hapa hasa ni wale weusi wanene wa kusini wasio na pezi mgongoni, wenye mabaka meupe yaliyokauka kichwani na mvuke unaopanda kwa umbo la herufi V. Hutoka maji ya Antaktika kuja kuzaa katika ghuba zilizotulia, ndiyo maana mama na ndama huonekana karibu kabisa na miamba. Tangu mwaka 1992 mji umekuwa na mpiga baragumu, ambaye hupuliza pembe iliyotengenezwa kwa mwani mkubwa na kutangaza mahali nyangumi walipo. Darubini ndogo husaidia, lakini mashua si lazima, na chombo kisicho na kibali hakiruhusiwi kumkaribia nyangumi ndani ya mita 300. Endapo upepo umejaza bahari mapovu meupe, nyangumi hawatatambulikana kirahisi, hivyo ni afadhali kulala na kurudi alfajiri.

Chakula cha usiku kambini ni nyama ya kuchoma, ambayo huko huitwa braai, au snoek, samaki mrefu mwenye miba mingi ambaye hupakwa jamu ya aprikoti akiwa juu ya makaa. Msafiri Mwislamu anunue nyama ya halali Cape Town kabla ya kuondoka, kwani jamii ya Waislamu wa huko, yenye mizizi ya karne ya 17, imefanya ipatikane kwa urahisi kuliko katika miji midogo. Msafiri yeyote asinunue kamwe abaloni, konokono mkubwa wa baharini anayeuzwa kwa siri, kwa kuwa uvunaji wake haramu ni uhalifu ambao mtu hufungwa jela kwa ajili yake. Moto uwashwe mahali palipotengwa tu, usiwashwe kabisa upepo ukiwa mkali, na uzimwe kwa maji badala ya mchanga, ambao huficha makaa yanayowaka na kuunguza miguu ya watoto asubuhi.

Hubaki swali la Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara la Afrika, yenye mnara wa taa wa mwaka 1849, mahali ambapo Bahari ya Hindi, ileile inayopiga fukwe za Lamu na Kilwa, inahesabiwa kukutana na Atlantiki. Wageni wengi hutaka kuichomeka katika siku hii, ilhali iko karibu saa mbili za gari kutoka Hermanus, kwenda tu. Asiye na siku ya pili aiache, alale Onrus, na asubuhi arudi Cape Town kwa barabara ya N2 kupitia Sir Lowry's Pass, ambayo ni fupi kuliko ile ya pwani.